Habari za Kazi Katika Milima ya Usambara

Milima ya Usambara Magharibi i katika Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki ya Tanzania. Mji wake ni Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Chini bondeni iko Mombo, penye reli; juu ziko Soni, Magamba, Mlalo na Mtae. Nchi ni ya baridi, nayo huotesha kabichi, viazi, nyanya, maharage, plamu na peasi. Lakini nchi yenyewe ni ndogo, na watu ni wengi. Shamba lililomtosha babu liligawanywa kwa wanawe, na hao wakaligawa tena kwa wana wao, hata leo kijana hupokea kipande chembamba mteremkoni, kisichoweza kumlisha mwaka mzima. Kwa hiyo hana budi kutafuta kazi ya ujira.

Wengi husema, "Huku kwetu hakuna kazi." Neno hilo ni nusu ya kweli. Kazi zipo, ila ni chache, tena hazikai mahali pamoja, wala hakuna mpiga mbiu wa kuzitangaza kila asubuhi. Huyu hupata habari, na jirani yake hukosa. Tena zipo habari za kazi ambazo ni heri mtu asizisikie kabisa kuliko kuzifuata bila kuzipima. Somo hili laeleza jinsi habari za kazi zilivyoenea zamani, zinavyoenea sasa, na jinsi ya kuzipima kabla ya kufunga mzigo.

1. Zamani kazi ilimtafuta mtu

Hapo zamani mambo yalikuwa kinyume cha leo. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakatokea mashamba makubwa katika nchi za Pangani, Tanga, Muheza na Korogwe. Mwaka huo huo wa 1893 ilianza kujengwa reli kutoka Tanga. Ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mashamba yalitaka watu wa kufyeka, kupanda na kukata. Reli ilitaka watu wa kuchimba na kubeba. Wenyeji hawakupenda kwenda, maana kila mtu alikuwa na shamba lake, na msimu wa kulima haumngoji mtu.

Basi serikali ya Wajerumani ikatumia nguvu. Mwaka 1907, katika Wilaya ya Wilhelmstal, wanaume walipewa kadi, wakalazimishwa kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne, kwa ujira uliowekwa. Siku hizo mtu wa milimani hakuuliza, "Kazi iko wapi?" Aliuliza, "Nijifiche wapi?"

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ilitawaliwa na Waingereza. Kumlazimisha mtu kumtumikia mwenye shamba kukakatazwa, lakini desturi ya kipande ilidumu katika mashamba ya mkonge. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Mtu alipomaliza kazi yake ya siku, yote kama alivyokatiwa, kadi yake ilitiwa alama. Siku ya ugonjwa haikuwa na alama. Ujira ulilipwa kipande kilipojaa. Kwa hiyo mwezi wa kipande uliweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda.

Watu wa karibu hawakutosha, na wenye mashamba wakatuma waandikaji katika nchi za mbali, kama Songea, Njombe na Kigoma. Mwaka 1944 waliunda ofisi moja ya kuwaandika na kuwasafirisha watu, nayo ilijulikana kwa jina la SILABU. Watu hao walioletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa.

Katika habari hiyo mna jambo la kukumbuka. Mwandikaji alipokaa barazani kijijini, maneno yake mengi yalikuwa ya ujira, na machache ya miiba ya mkonge, ya jua la bondeni, na ya njia ya kurudi. Aliyepewa nusu ya habari alisafiri na nusu ya habari, na nusu ya pili aliikuta huko alikokwenda.

2. Mambo yalivyogeuka

Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani zaidi ya 230,000 za mkonge, ikawa mbele ya nchi zote za dunia. Baadaye nyuzi za plastiki zilienea, bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mashamba mengi kuwa mali ya umma, lakini mavuno yakazidi kupungua, hata mwishoni mwa miaka ya 1990 hayakufika tani 30,000 kwa mwaka. Mashamba mengine yalirudi kuwa msitu. Milima iliyokuwa ikipeleka watu bondeni ikawapokea watu wale wale, nao walirudi na wake na watoto.

Tangu hapo kazi haimtafuti mtu. Mtu ndiye aitafutaye kazi. Naye aitafutaye yampasa ajue inapopita.

3. Mahali pa kupata habari

Kwanza ni ubao wa matangazo. Ofisi ya mtendaji wa kijiji ina ubao. Ya kata ina ubao. Na makao ya halmashauri yana ubao ulio mkubwa zaidi. Watu wengi hupita mbele yake kila siku wasisome, wakidhani karatasi zote ni za kodi. Huko hubandikwa habari za vibarua wa barabara, za ujenzi wa madarasa na zahanati, na za nafasi za serikali. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupelekwa kwa intaneti. Asiye na chombo cha kupelekea na amwombe mwalimu au karani amsaidie. Jambo la kusoma kwanza ni tarehe ya mwisho, maana tangazo lililopitwa na tarehe ni kama basi lililokwisha ondoka.

Pili ni gulio. Siku ya gulio watu hushuka kutoka kila kijiji, na malori hupanda kutoka Mombo kuja kuchukua mboga. Aliye na macho huona kazi hapo hata kama hakuna neno lililoandikwa. Mwenye lori ataka watu wa kupakia. Mchuuzi ataka mtu wa kuchagua nyanya, ngumu mbali na laini mbali. Mwenye shamba akiuza viazi vyake vizuri, juma lijalo atataka watu wa kumlimia tena. Akiulizwa papo hapo, kwa adabu, mara nyingi hukubali. Akiulizwa baada ya juma mbili, amekwisha pata watu.

Tatu ni kalenda ya kazi. Kazi za milimani hufuata mvua. Masika huanza yapata mwezi wa Machi, na vuli hunyesha miezi ya mwisho wa mwaka. Kabla ya mvua huwa kazi ya kulima na kutengeneza matuta. Mvua ikinyesha huwa kazi ya kupanda na kupalilia. Baada yake huja kuvuna na kubeba. Plamu huiva karibu na mwisho wa mwaka, na hapo wachumaji hutakiwa kwa haraka. Baada ya masika, barabara zilizoporomokewa na udongo hazina budi kufukuliwa na mitaro kuzibuliwa. Mtu aliyeandika mambo hayo katika daftari, mwezi kwa mwezi, hufika kabla ya kutafutwa.

Nne ni msitu. Huko Shume liko shamba la miti la serikali, la misonobari na miti mingine. Kazi zake ni kujaza udongo katika viriba, kumwagilia miche, kupanda wakati wa mvua, kupogolea matawi, na kulinda moto wakati wa kiangazi. Kazi hizo ni za majira. Aendaye kuuliza kiangazi habari za kupanda huambiwa, "Hakuna," akarudi akisema msitu hauajiri mtu. Msitu waajiri, ila yeye aliuliza mwezi usio wake.

Tano ni mafundi. Mwashi, seremala, mshoni na fundi wa pikipiki kila mmoja huhitaji mkono wa pili. Kijana aliyekubali kuchanganya udongo na kushika kamba miezi sita huweza kujengewa ufundi utakaomlisha maisha yake. Atakaye cheti na aulize habari za vyuo vya ufundi stadi vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Sita, tena hii yapita zote katika nchi ndogo, ni watu. Kazi nyingi za kijijini haziandikwi popote. Mwenye kazi humwuliza jirani, "Wamjua kijana wa kuaminika?" na jirani hutaja jina. Basi jina jema ndilo cheti cha kwanza. Aliyerudisha jembe la kuazima likiwa safi, aliyefika saa aliyoambiwa, aliyetumwa dukani akarudisha chenji yote, huyo watu humtaja. Hata yeye mwenyewe hajui ni siku gani alipopata kazi. Alikwisha ipata siku ile aliporudisha jembe.

4. Maswali matano

Kusikia habari ya kazi si sawa na kupata kazi. Kabla ya kukubali, mtu na aulize mambo matano, na majibu yake ayaandike.

1. Mwajiri ni nani, na jina lake kamili ni lipi?
2. Kazi iko wapi, mtaa gani au shamba gani?
3. Kazi yenyewe ni ipi, na saa zake ni ngapi?
4. Ujira ni kiasi gani, na hulipwa siku gani?
5. Ni kitu gani kitakatwa katika ujira huo: chakula, chumba, nauli, au vyombo?

Maswali hayo si ufidhuli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake maelezo ya namna hiyo kwa maandishi. Sheria hiyo yasema pia kwamba saa za kawaida za kazi zisipite 45 kwa juma, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe. Tena mtu aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi ya hatari.

Iko na alama moja ya kumjua mdanganyifu. Kazi ya kweli humlipa mtu. Ya uongo humwomba mtu alipe. Aonaye tangazo lisemalo, "Tuma fedha kwanza ya fomu," na aliache. Fedha ya fomu ndiyo kazi ya mwenye tangazo.

5. Hesabu ya ujira

Kijana asikiapo ujira wa mjini na ujira wa kijijini, huuona ule wa kwanza kuwa mlima na wa pili kuwa kichuguu. Lakini fedha hupimwa kwa kile kibakiacho. Tuseme kijana ameahidiwa kazi ya ulinzi mjini kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Chumba ni shilingi 40,000. Chakula ni shilingi 2,500 kwa siku, yaani 75,000 kwa siku 30. Nauli ya kwenda na kurudi kazini ni shilingi 1,200 kwa siku, yaani 31,200 kwa siku 26. Jumla ya matumizi ni shilingi 146,200. Kinachobaki ni shilingi 3,800, naye hajaugua, wala hajanunua sabuni, wala hajamtumia mama yake kitu.

Ndugu yake amebaki nyumbani, apakia kabichi kwa shilingi 5,000 kwa siku, siku nne kila juma. Kwa majuma manne apata shilingi 80,000. Ampa mama yake 30,000 kwa chakula, zabaki 50,000.

Hesabu hii haisemi kwamba mjini ni pabaya. Mwajiri wa mjini akitoa chumba bure, au ujira ukiwa mkubwa zaidi, majibu yatageuka. Wala kubeba kabichi si kazi ya uzee. Lakini kijana aliyefanya hesabu yake kabla ya safari huenda akijua, na aliyeifanya baada ya safari huifanya akiwa na njaa.

6. Bibi na mgeni

Habari kama hii hutokea mara nyingi. Tuseme katika kijiji kimoja cha milimani yuko msichana wa miaka 14, amemaliza darasa la saba, naye angoja majibu ya mtihani. Siku moja akafika mama mmoja kutoka mjini, amevaa vizuri, na maneno yake ni laini. Akaingia kwa bibi yake msichana, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Mgeni akaeleza haja yake. "Nimesikia unaye mjukuu mwenye adabu. Iko kazi ya nyumbani kwa watu wazuri. Kazi ni nyepesi, atakula wanachokula wenyewe, nami kila mwezi nitakuletea shilingi 50,000."

Bibi hakusoma sana. Lakini baba yake alikata mkonge karibu na Mombo, na mara moja alirudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa homa ilimshika kipande chake kikiwa na alama 27. Neno hilo lilikaa katika nyumba ile miaka mingi. Basi bibi akauliza, "Hao watu wazuri ni nani?"

Mgeni akataja jina moja.

"Nao wakaa wapi?"

"Dar es Salaam, bibi."

"Dar es Salaam ni kubwa, mwanangu. Mtaa gani, nyumba ya nani?"

"Nitawapigia simu nikifika."

"Na siku za mtoto zitaandikwa na nani?"

Mgeni hakufahamu. "Siku gani, bibi?"

"Siku atakazofanya kazi. Nani ataziandika, na mtoto atazisoma wapi? Wewe wasema utaniletea fedha mimi. Nami nitajuaje kama ni fedha ya mwezi mmoja au ya miezi mitatu? Tena yeye mwenyewe ataishika lini?"

Mgeni akaudhika. Akasema, "Wasichana wapo wengi, bibi."

"Ndiyo, wapo wengi," akajibu bibi. "Huyu ninaye mmoja."

Mgeni akaaga, akaenda nyumba ya tatu. Huko palikuwa na deni dukani na watoto sita, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza. Asubuhi yake msichana wa nyumba ile akapanda basi pamoja naye. Fedha ikaja mara moja, kisha haikuja tena, na simu ya mgeni ikawa haipokelewi. Mwezi wa tatu mama yake msichana akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akatwaa karatasi, akauliza, "Jina la mwajiri?" Mama hakulijua. "Mtaa?" Hakuujua. Karatasi ikabaki na jina la mtoto peke yake.

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na kwa hiyo mtoto wa maskini naye aweza kuendelea. Majibu ya mtihani yalipobandikwa, wasichana wote wawili walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Mmoja alikuwapo kulisoma jina lake.

7. Kuandika barua ya kuomba kazi

Barua ya kuomba kazi si ndefu. Juu yaandikwa anwani ya mwombaji na tarehe. Kisha anwani ya mwajiri. Kisha neno la kuonyesha ni kazi gani iombwayo na habari yake ilipatikana wapi. Hufuata umri, masomo, na kazi alizokwisha fanya mwombaji, hata zikiwa ndogo. Aliyefuga kuku, aliyetunza kitalu cha shule, aliyemsaidia mwashi likizoni, na ayaandike hayo. Mwisho hutajwa watu wawili wawezao kumshuhudia. Barua na iwe safi, ya kweli, na nakala yake ibaki nyumbani.

Wazee husema, "Kuuliza si ujinga." Katika nchi ndogo yenye kazi chache, neno hilo lazidi kuwa kweli. Aulizaye mapema hupata habari, na aulizaye maswali matano huipata yote.

Maswali

1. Kwa nini watu wa Usambara hawakupenda kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na reli?
2. Eleza kipande kilikuwa nini. Kwa nini mwezi wa kipande uliweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda?
3. Taja mahali sita pa kupata habari za kazi. Katika kijiji chenu ni wapi penye habari nyingi zaidi?
4. Andika kalenda ya kazi za kijiji chenu, tangu Januari hata Desemba. Waulize wazazi wako.
5. Mwajiri wa mjini akimpa kijana chumba bure, atabakiwa na shilingi ngapi kwa mwezi? Linganisha na za ndugu yake.
6. Bibi aliuliza, "Siku za mtoto zitaandikwa na nani?" Maana yake nini?
7. Mtendaji angehitaji habari gani ili aweze kumtafuta yule msichana wa nyumba ya tatu?
8. Andika barua ya kuomba kazi ya kutunza miche katika shamba la miti.